Kapu la Utani

Mpembuzi alikuwa kazini. Mkono wake laini wa mpira ulichukua bahasha, ukaifungua kwa adabu kama mtu anayefungua barua ya mkwe, ukatandaza karatasi chini ya jicho lenye mwanga wa buluu, na kabla Dkt. Kandida Mapunda hajamaliza kupuliza chai yake, karatasi ilikuwa imekwisha kusomwa. Wala hayakusomwa maneno peke yake. Mtambo ule ulipima kalamu ilikandamizwa kiasi gani, mkono ulisita wapi, neno gani lilikatwa na lipi likaandikwa juu yake. Kisha ulichomoa maana na kuitundika ukutani kama uzi wa mwanga: kijani ni matumaini, njano ni kuwakumbuka walioachwa nyumbani, nyekundu ni hatari. Nyuzi za washiriki wote wa utafiti zilikuwa zimesukana ukutani pale, na siku hiyo karibu ukuta mzima ulikuwa kijani.

"Wakazi wa Kivulini wana utulivu," Mpembuzi alitangaza. "Hakuna hatari iliyoandikwa juma hili."

"Alhamdulillahi, kama wasemavyo majirani zangu," Kandida alijibu, na kunywa chai.

Mji wa Kivulini ulichimbwa ndani ya ukingo wa shimo kubwa la Mwezini, mahali ambapo jua halijawahi kupiga hodi. Walioishi humo walikuwa mafundi, wachimbaji wa barafu, wapishi na wauguzi, wengi wao kutoka Tanzania, walioletwa na Shirika la Makao. Dari zote za mji zilipachikwa shanga-sikio, vidude vidogo vilivyosikiliza kila neno kwa ajili ya usalama. Watu walilijua hilo. Basi wakiwa vijiani waliongea habari za mvua, na Mwezini mvua haijulikani. Ndiyo maana Kandida, aliyetumwa kuchunguza wanadamu wanaishije bila anga juu yao, aliamua kurudi kwenye karatasi. Kila juma mshiriki aandike kwa mkono wake kilichomkaa moyoni, afunge bahasha, aitumbukize kwenye sanduku. Hakuna jina, ni namba tu. "Jina lako hata mimi silitaki," aliwaambia siku ya kwanza, na watu wakaandika kama waliofunguliwa mfereji.

Pembeni ya mtambo lilikuwapo kapu. Hilo lilikuwa fahari ya Kandida, tena fahari kubwa kuliko alivyopenda kukiri.

Siku za mwanzo, kabla ya utafiti wa karatasi, Mpembuzi alikuwa akisikiliza shanga za darini tu. Siku moja mpishi mmoja Mzaramo alimwona Msukuma mchomeleaji anaingia chakulani, akampigia kelele, "Leo nakukatakata nakutia kwenye pilau! Minyama yote hiyo inakusaidia nini?" Msukuma alicheka hadi akashika ukuta. Mpishi hakupata nafasi ya kucheka, kwa sababu roboti za ulinzi zilikuwa zimekwisha kumlaza kifudifudi, na wali ukaungua. Wageni hawakuelewa. Kandida alielewa, maana ni Mngoni wa Peramiho, amekulia katikati ya utani. Akamfundisha Mpembuzi nani ni mtani wa nani, akamwekea sheria: tusi la mtani kwa mtani lisipimwe, halina uzito. Shirika likaiita Kanuni ya Mapunda. Akapewa hata ngao.

Utafiti wa karatasi ulipoanza aliihamishia kanuni ileile huku, kama mtu ahamishaye kitanda kutoka chumba hiki kwenda kile. Tangu hapo, kila karatasi iliyomtukana mtani iliangukia kapuni bila uzi wowote ukutani, na Kandida alikuwa na desturi ya kuzisoma akinywa chai, apate kucheka.

Alichukua ya juu. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala kulia.

*Mateka wangu yule Mhehe vidole vimemfia. Hashiki tena kitu akakijua. Anayapapasa malango kama kipofu apapasaye ukuta, kisha anatia sahihi. Atatuzika wote na hicho Chumba Kikuu chao, na matanga yetu hayatakuwa na mtu wa kupika.*

Kandida alicheka. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu, na kila upande hudai ulimteka mwenzake. "Huyu ndugu yangu huyu, ana mdomo," alisema, akairudisha karatasi kapuni, akaenda kula.

Chakulani palikuwa na shangwe. Saa chache zijazo Chumba Kikuu kingefunguliwa, ukumbi mpya wenye paa refu na bustani ya mchicha na hewa ya kutosha watu kukimbia. Chombo cha mwisho kilikuwa kimeleta familia za wafanyakazi, na kwa mara ya kwanza Kivulini ilikuwa na watoto. Walirukaruka baina ya meza, wakipaa na kushuka taratibu kwa wepesi wa Mwezini, na mama zao waliwafuata wakiwavuta kwa miguu.

Lukelo Kikoti alikuwa peke yake mezani. Alikuwa mkaguzi mkuu wa malango-hewa, mtu mrefu wa Iringa, mwenye sauti nene. Mashine za Kivulini zilijua kupima hewa inayovuja, lakini ufa wa mpira uliopasuka kwa baridi, ule ambao bado haujavujisha ila utavujisha, hakuna mtambo ulioweza kuuona. Sheria ilitaka mkaguzi avue glavu na kupitisha vidole juu ya mpira wa kila lango, sentimita kwa sentimita. Kikoti ndiye aliyevipitisha kwenye malango ya Chumba Kikuu.

Akaingia Engelbert Gama, fundi bomba, Mngoni mwenzake Kandida. Watu wa meza za karibu waligeuka kabisa, maana mchezo ulijulikana: Gama angesimama na kumwuliza Kikoti kama amelipa kodi ya utumwa, Kikoti angemwuliza kama Wangoni wamekwisha kujifunza kula kwa kijiko. Walikuwa chumba kimoja tangu siku walipofika. Ilikuwa burudani ya mji.

Gama alipita. Hakutupa neno. Alichukua sahani, akaketi mbali, akampa mwenzake mgongo.

"Wamegombana hao?" aliuliza muuguzi mmoja.

"Wahehe na Wangoni wagombane?" mwingine alicheka. "Watagombana lini, wakati kutukanana ndiyo salamu yao?"

Kandida hakucheka. Alikuwa akimtazama Kikoti. Mkaguzi alikuwa amekishika kikombe cha bati kilichotoka kwenye mtungi uchemkao wakati huohuo, amekikumbatia kwa viganja viwili, na mvuke unamfuka usoni. Watu wengine walivishika vikombe vyao kwa leso. Kikoti alikaa nacho tu, akiwaza yake, kama mtu aliyeshika jiwe la mtoni.

Hapo ndipo Kandida alipoikumbuka ile karatasi ya asubuhi. Akamkumbuka bibi yake Peramiho akimkemea utotoni, siku alipomcheka mtani aliyekwisha kuondoka: mtani hutaniwa akiwapo, asikie, ajibu, asipokuwapo, hayo ni mengine. Utani una watu wawili. Nani amtanie mwenzake kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha, ambayo mwenyewe hataiona milele? Kanuni yake ilikuwa ya midomo. Aliihamishia kwenye karatasi bila kufikiri, na kwa miezi yote hiyo kila mtu aliyeshindwa kumwambia mtani wake jambo usoni, akaja kulimwaga kwenye bahasha, alikuwa ametupwa kapuni. Na yeye, msomi mzima, alikuwa akizisoma karatasi hizo na kucheka.

Aliacha sahani. Alikwenda mbio, na mbio za Mwezini ni kuruka na kugonga dari, akafika maabara na uvimbe kichwani. Akalimwaga kapu sakafuni, akautafuta mwandiko uliolala kulia. Karatasi zilikuwa tatu.

Ya kwanza: *Nimemwambia Mhehe vidole vyake vina ganzi, akamwone daktari. Amenicheka.* Ya pili: *Nimemwambia tena. Amenicheka tena, na mimi nikacheka, maana akipimwa atarudishwa duniani na ana watoto wanne shuleni. Lakini sikupenda kucheka kule.* Ya tatu ndiyo ile ya asubuhi. Mwandishi alikuwa amelikandamiza neno *atatuzika* hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Mpembuzi, soma hii tena," Kandida aliamuru. "Iondolee kanuni."

Uzi mwekundu ukawaka ukutani, mnene kama kidole gumba.

Mkurugenzi Shekilindi alimpokea akiwa amesimama, ananyoosha kola ya vazi la sherehe. Alikuwa mwanamke mpole, ila mwenye haraka, na nyuma ya dirisha lake foleni ya familia ilikuwa imekwisha kuanza kujipanga mbele ya Lango la Tatu la Chumba Kikuu.

"Ahirisha ufunguzi, Mkurugenzi. Malango yakaguliwe na mtu mwingine."

"Kwa sababu gani?"

"Mkaguzi hana hisia vidoleni. Nimeandikiwa."

"Na nani?"

Kufikia hapo Kandida alikuwa amekwisha kukisia ni nani, na kulijua jina ndiko kulikomtisha. Akilitoa, hakuna atakayeandika tena Kivulini. Tena Gama angeitwa mbele ya kamati, akaulizwa kwa nini alikaa na siri hiyo miezi yote, akapandishwa chombo cha kurudi kabla ya Kikoti mwenyewe.

"Siwezi kusema, Mkurugenzi."

Shekilindi aligusa kioo cha mezani. Taarifa ya Mpembuzi ya asubuhi ilitokea, kijani tupu. "Mtambo wako umeiona karatasi hiyo, ukaandika: utani, uzito sifuri. Kwa kanuni yako, Dokta. Yenye jina lako. Leo unataka nisimamishe shughuli, nimvunjie heshima mkaguzi bora kuliko wote niliopata kuwa nao, kwa neno la mtu asiye na jina, ambalo wewe mwenyewe umetufundisha kulicheka?"

"Nilikosea."

"Basi niletee mtu wa kusimama mbele yangu aseme. Mmoja tu. Nitafunga lango saa hiyohiyo." Akachukua kofia yake. "Kama huna, nipishe, watoto wanasubiri."

Kandida alitoka. Mtu wa kusimama na kusema. Gama hangeweza. Karatasi haikuwa na mdomo. Alifika mbele ya Lango la Tatu, akaona watoto wa kwanza wameshikana mikono, mabegi mgongoni, na Kikoti kando ya lango katika sare iliyopigwa pasi, ufunguo mkubwa wa heshima mkononi. Gama alikuwa mwisho kabisa wa umati, uso umemkauka.

Tangu afike Kivulini, Kandida hakuwahi kumtania mtu. Mtafiti hujitenga, ndivyo alivyofundishwa. Alimwita kila mtu bwana na bibi. Lakini kule Peramiho mtani ana kazi nyingine, kubwa kuliko kuchekesha watu chakulani. Msibani, wakati wafiwa hawawezi kusema, mtani ndiye anayeingia na kusema. Humwiga marehemu, huanika madeni na makosa yake, hulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, na hakuna wa kumkamata. Na Kandida Mapunda alikuwa Mngoni.

Alivua koti lake jeupe, akalifunga kiunoni kama kanga ya msiba.

"Uuuwiii!" alipiga ukunga. "Jamani nimefika! Nimekuja kuzika!"

Umati uligeuka. Roboti mbili za ulinzi zilijongea. Mpembuzi, aliye ndani ya kila shanga ya darini, alipima tusi la mtani kwa mtani, akaliona halina uzito, na roboti zikasimama.

"Uko wapi, Kikoti? Mateka wa babu yangu! Alikushika Iringa, akakuonea huruma kwa wembamba wako, kumbe alifuga mauti! Watu wote hawa unawazika leo, sanda umenunua? Jembe la kuchimbia unalo? Au utatuchimbia kwa hivyo vidole vyako vilivyolala?"

Kicheko kililipuka. "Dokta naye kumbe!" mtu alipaza sauti. Hata Shekilindi, aliyekuwa akikaribia kwa hasira, alisita. Kikoti alitabasamu kwa mshangao na kufungua mdomo ajibu, maana mtani asiyejibu amekufa.

"Usinijibu bado!" Kandida alimkatiza. Aling'oa kifungo cha shati lake. Sauti yake ilikuwa inatetemeka na aliiacha itetemeke. "Mhehe ni mkaguzi mkuu wa Mwezi mzima, sivyo? Vidole vyake vinaona, sivyo? Fumba macho, mateka. Nakutia kitu mkononi. Ukikitaja, Wangoni wote hapa tutakubali kwamba mlituteka ninyi. Usipokitaja, lango hili hulifungui."

"Haya, mjibu! Mjibu!" umati ulipiga makofi.

Changamoto ya mtani mbele za watu haikataliwi. Kikoti alifumba macho, akanyoosha mkono. Kandida akamwekea kifungo baina ya kidole gumba na vidole viwili, kisha akarudi nyuma.

Kikoti akasugua. Watu wakamhesabia kwa makofi. Akasugua tena, kipaji cha uso kimekunjamana. Na kifungo kikamponyoka. Kilianguka polepole, kama vitu vyote vinavyoanguka Mwezini, kikizungukazunguka katika mwanga wa taa, hata mtoto wa mbele akakidaka kabla hakijafika chini.

Kikoti aliendelea kusugua. Macho yamefumbwa, vidole vitupu vinazunguka juu ya kitu ambacho hakikuwapo. "Subirini," alisema. "Subirini, nakipata. Ni kitu cha mviringo."

Makofi yalikoma. Kicheko kilizimika safu kwa safu, mtu kwa mtu, mpaka ukimya ule ukamfikia, akafumbua macho. Akautazama mkono wake. Akamtazama mtoto aliyeshika kifungo. Kandida alitamani ardhi impasukie, kwa aibu aliyomvika mtu mzima mbele za watoto.

"Nijibu, mtani," alimwomba kwa sauti ndogo.

Kikoti hakujibu. Alimkabidhi Mkurugenzi ufunguo. "Msiingie," alisema. "Malango haya sikuyahisi. Hata moja."

Shekilindi aliwarudisha watu nyuma. Mkaguzi wa zamu nyingine alivua glavu, akapitisha vidole juu ya mpira wa Lango la Tatu, na karibu na bawaba ya chini mkono wake ulisimama. Aliurudisha pale mara ya pili, kisha akageuka na kutikisa kichwa.

Jina la mwandishi halikuulizwa tena.

Kikoti alipewa tiketi ya kurudi duniani, kwa matibabu. Siku ya kuondoka Kandida alimsindikiza hadi kwenye chombo, kwa kuwa aliona ana deni lake.

"Ni yeye, eti?" Kikoti aliuliza. "Usiseme, najua kiapo chako. Mwezini kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniona nikiunguza mikono nisijue." Aliitazama mikono hiyo. "Aliniambia usoni, Dokta. Mara mbili. Mara ya kwanza nikamjibu kwamba Mngoni hawezi kuhesabu vidole, sembuse kujua vimekufa. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Angeniambiaje mtu yule nikamwamini? Hatukuwahi kusemezana neno la kweli."

Aligeuka kutazama ujia wote, mpaka mwisho. Haukuwa na mtu. Akaingia chomboni.

Kandida aliifuta Kanuni ya Mapunda, ngao akaifungia kabatini. Alilisoma kapu lote, karatasi baada ya karatasi, safari hii bila chai, na mambo aliyoyakuta mle yalimpa kazi ya miezi. Juma lililofuata bahasha zilikuja kama kawaida. Mkono wa mpira ukatandaza karatasi yenye mwandiko mkubwa, uliolala kulia. Ilikuwa na mstari mmoja.

*Juma hili hakuna aliyenitukana.*

Jicho la buluu lilipita juu yake. Kalamu haikukandamizwa, hakuna neno lililokatwa. "Mahusiano kazini yameimarika," Mpembuzi alisema, akatundika uzi wa kijani.

Kandida alinyoosha mkono na kuuzima uzi ule. Kisha akaenda chakulani.

Gama alikuwa kwenye meza ileile ya Kikoti, mbele yake kiti kitupu. Watu walipita bila kukikalia. Kandida akakaa. Hakuweza kumwambia anajua, hakuweza kumshukuru, hakuweza hata kumwomba radhi kwa karatasi tatu alizozicheka. Alitafuta tusi moja tu zuri la kumtupia, lenye kumwinua mtu kichwa. Halikuwapo. Wote wawili walikuwa Wangoni, na ndugu hataniwi.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba," alijibu Gama, akamsogezea sukari.